Vijiwe vidogo vya rangi: nivitofautisheje kwa vipimo vya nyumbani kabla ya kuvipeleka sokoni?

Mchekechaji_Igombe

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaojua vito. Nina kifuko cha vijiwe vya ukubwa wa milimita 3 hadi 8, vingine vimetoka kwenye mchanga wa kijito upande wa Misungwi, vingine ufukweni mwa ziwa huku Igombe, Mwanza. Nimevigawa kwa rangi: vyeupe vinavyopitisha mwanga, vyekundu vya damu ya mzee ambavyo ni mviringo mviringo, vyeusi vizito vyenye mng'ao wa chuma, na vya kijani. Kuna kimoja cheupe kidogo sana ambacho mng'ao wake ni tofauti kabisa na wenzake.

Maabara sina. Nina mizani ya kupimia dhahabu inayosoma hadi gramu 0.01, lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ya simu. Mtaani naambiwa nikwaruze kioo, kikikwaruzika basi ni almasi. Wengine wanasema nigonge na nyundo. Nianze na kipimo kipi, na majibu niyasomeje?

Densiti_Kwanza

Mkuu, nyundo weka mbali kabisa. Almasi ni ngumu kukwaruzika lakini hupasuka kirahisi, maana ina pande nne za mpasuko. Mawe mengi mazuri yameharibiwa na kipimo hicho, na jiwe likivunjika bado hujajua lilikuwa nini. Kioo nacho tutakizungumzia mwisho, kwa sababu karibu kila kitu ulichonacho hapo kitakikwaruza.

Kabla ya yote, usichanganye vya Misungwi na vya Igombe. Mahali jiwe lilipotoka ni nusu ya jibu. Ufukweni utapata vipande vya chupa vilivyosuguliwa na mawimbi hadi vikawa na ngozi ya ukungu kama jiwe la asili, tena vya kijani ndivyo vinavyodanganya zaidi. Kwenye kijito cha Misungwi habari ni nyingine, kwa sababu eneo la Mabuki lina miamba ya kimbalaiti, ule mwamba unaobeba almasi.

Vioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, uvikaushe, kisha uvitazame kimoja kimoja kwa lenzi. Lenzi iguse karibu na jicho, jiwe ndilo lisogezwe. Usiangalie rangi, angalia umbo. Kwatzi ina nguzo ya pande sita yenye mistari inayokata nguzo kwa upana. Turmalini ina mistari inayokwenda kwa urefu, na ukiikata kwa upana unaona pembetatu iliyovimba pande zake. Ganeti ni kama mpira wenye nyuso 12 au 24. Zikoni ni nguzo ya pande nne yenye kichwa cha piramidi. Spineli na almasi zote huwa na umbo la piramidi mbili zilizogeuziana migongo, ila spineli ina kingo kali, na almasi mara nyingi nyuso zake zimevimba kidogo na zina vishimo vya pembetatu. Ukiona mapovu ya duara ndani na mvunjiko wa mawimbi kama ganda la konokono, hicho ni kioo. Angalizo: kwatzi nayo huvunjika kwa mawimbi, kwa hiyo mvunjiko peke yake hautoshi, tafuta mapovu.

Baada ya hapo nenda kwenye densiti, yaani jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Kwa mawe yasiyochongwa hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na mizani yako inatosha. Fanya hivi:

1. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Maji ya bomba yana hewa ndani yake na yatakuletea vipovu kwenye jiwe. Tia tone moja la sabuni ya maji.
2. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri.
3. Funga jiwe kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, wa milimita 0.2 au chini ya hapo. Uning'inize kwenye kijiti kilicholala juu ya chupa mbili zilizosimama kando ya mizani, zisiguse mizani. Usishike kwa mkono, mkono hutetemeka.
4. Zamisha jiwe lote. Lisiguse chini wala ukuta wa bilauri. Namba inayosomeka sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe.
5. Gawanya uzito wa jiwe likiwa kavu kwa namba hiyo. Jibu ndiyo densiti.

Zima feni, funga dirisha. Upepo kutoka ziwani unatosha kuchezesha tarakimu ya mwisho.

Kuhakiki mizani yako, pima kwanza kipande safi cha kwatzi cha gramu 3 au zaidi. Kwenye milima ya mawe ya Mwanza hukosi, kinapatikana ndani ya matale. Lazima upate 2.65. Ukipata 2.5 au 2.8, tafuta kosa kabla ya kuendelea: kipovu kilichoganda kwenye jiwe hushusha jibu, na jiwe likigusa chini jibu hushuka sana kwa sababu mizani inabeba uzito wa jiwe lenyewe.

Namba za kushika: kioo cha chupa karibu 2.5. Feldispa 2.56 hadi 2.76. Kwatzi 2.65. Zumaridi na jamii yake karibu 2.7. Turmalini 3.0 hadi 3.2. Tanzanaiti 3.35. Almasi 3.52. Topazi 3.53. Spineli 3.60. Ganeti 3.6 hadi 4.3 kutegemea aina. Rubi na safaya 4.0. Zikoni 4.6 hadi 4.7. Ilmenaiti karibu 4.7. Pairaiti 5.0. Magnetaiti 5.2.

Sumaku_na_Miwani

Naongezea kwa Densiti_Kwanza. Kwa mizani ya 0.01 kipimo chake kina mpaka. Jiwe la gramu 1 la kwatzi husukuma gramu 0.38 za maji. Ukikosea 0.01, jibu linacheza kati ya 2.58 na 2.72, hapo kwatzi, feldispa na zumaridi vimeshaingiliana. Jiwe la gramu 0.2 usilipime peke yake, unajidanganya.

Dawa yake ni kupima kundi. Tengeneza kikapu kidogo cha waya mwembamba wa shaba, kizamishe kikiwa kitupu kwa kina kilekile utakachotumia, weka sifuri, kisha tia vijiwe vyote vya aina moja na usome. Kitambaa cha chandarua usitumie, kinashika hewa. Ila ukumbuke kwamba kundi linakupa wastani. Kipande kimoja cha kioo kati ya ganeti kitashusha namba, na rubi moja katikati ya ganeti haitaonekana kabisa kwa sababu densiti zao zinakaribiana. Ndiyo maana baada ya kundi lazima kila jiwe lipite kwenye vipimo viwili vifuatavyo, ambavyo haviharibu chochote na havijali jiwe ni dogo kiasi gani.

Cha kwanza ni sumaku inayoelea. Sumaku ya spika ya kawaida ni dhaifu. Tafuta ya niodimiamu, ile inayotolewa kwenye hadi diski (hard disk) mbovu ya kompyuta, mafundi wanazo. Kata kipande cha ile foamu nyeupe ya kufungia televisheni, kikubwa kuliko jiwe kidogo tu, kiweke kielee katikati ya beseni pana la maji, juu yake weka jiwe. Sogeza sumaku polepole kutoka ubavuni hadi ibaki milimita 2 au 3, usiguse. Ganeti nyekundu yenye chuma itaifuata sumaku, boti yote inasogea. Rubi, spineli nyekundu na kioo chekundu vitabaki pale pale. Jiwe lenye kutu juu litakudanganya, kwa hiyo lisafishwe kwanza. Na usipumulie beseni.

Cha pili ni polaroidi mbili, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini bapa ya kompyuta, hiyo ni polaroidi ya kwanza. Ya pili ni kioo cha miwani ya jua ya polaroidi. Zungusha miwani mbele ya skrini hadi pawe giza kabisa, ishikilie hapo. Kama haipatikani giza, miwani si ya polaroidi. Sasa weka jiwe katikati, ndani ya kikombe kidogo cha glasi chenye mafuta ya kupikia. Mafuta yanaondoa mng'ao wa ngozi ya jiwe lisilochongwa ili uone ndani. Kikombe kiwe cha glasi kweli, plastiki ina rangi zake yenyewe ikikaa kati ya polaroidi. Hata plastiki ya kulinda skrini inaweza kuharibu kipimo.

Zungusha jiwe mzunguko mmoja kamili. Likiwaka na kuzimika mara nne, lina miale miwili, maana yake linagawa mwanga kuwa miale miwili: kwatzi, topazi, turmalini, rubi, safaya, zikoni, tanzanaiti. Likibaki giza muda wote, lina mwale mmoja: ganeti, spineli, almasi, kioo. Likibaki na mwanga muda wote, ni mkusanyiko wa chembe nyingi kama akiki.

Watu wengi hukosea kwa kutazama upande mmoja tu. Kila jiwe la miale miwili lina mwelekeo ambao linajifanya la mwale mmoja. Geuza jiwe utazame kwa pande tatu tofauti kabla ya kusema limebaki giza. Na ganeti au kioo kinaweza kuonyesha mabaka ya kijivu yanayotambaa kama nyoka, hiyo ni mikazo ya ndani, si kuwaka na kuzimika.

Kigae_Cheupe

Kwa vile vyeusi polaroidi haifai, mwanga haupiti. Tumia rangi ya unga. Chukua kigae cha ukutani, geuza mgongo usio na rangi ya kung'aa, hakikisha ni mweupe na safi. Suguza jiwe kwa nguvu kama unaandika na chaki. Magnetaiti na ilmenaiti huacha mstari mweusi, hematiti huacha nyekundu ya kahawia hata jiwe lenyewe likiwa jeusi. Turmalini nyeusi haiachi rangi, inachimba kigae tu, na ule unga mweupe unaouona ni wa kigae. Magnetaiti hurukia sumaku yoyote, hata ya spika. Ilmenaiti huvutwa kidogo tu na niodimiamu.

Kuhusu kioo: kioo kina ugumu wa karibu 5.5 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu kinachoanzia 1 (laini) hadi 10 (almasi). Kwatzi ni 7. Ganeti, turmalini, zikoni, spineli, topazi, vyote vinakikwaruza. Kwa hiyo aliyekwaruza kioo amejua kitu kimoja tu, kwamba jiwe lake si kalsaiti wala floraiti. Ukitaka kipimo cha ugumu chenye maana, tumia tupa ya chuma, ambayo ni karibu 6.5, na kipande cha kwatzi, ambacho ni 7. Fanya kwenye kona iliyokwishavunjika, mstari wa milimita 1 au 2, kisha pitisha kidole chenye maji. Kilichofutika ni unga wa kifaa chako, kilichobaki ndio mkwaruzo. Wengi hukosea hapo, wanaona mstari mweupe juu ya jiwe na kudhani jiwe limeumia, kumbe ni chuma cha tupa. Jiwe lililochongwa usilikwaruze kamwe.

Mchekechaji_Igombe

Nashukuru sana wakuu. Nimetenganisha vya Misungwi na vya Igombe, nimehakiki mizani kwa kwatzi nikapata 2.64. Majibu haya hapa:

Vyeupe (Misungwi): gramu 2.41 kavu, maji 0.91.
Vyekundu (Misungwi): 3.12 kavu, maji 0.78. Vyote vinafuata sumaku kwenye foamu. Polaroidi vinabaki giza, viwili vina mabaka ya kijivu.
Vyeusi (Misungwi): 5.20 kavu, maji 1.11. Unga mweusi, sumaku ya spika haivivuti, ya hadi diski inavivuta kidogo.
Kijani (Igombe): 4.63 kavu, maji 1.85.
Kile kidogo cheupe (Misungwi): 0.18 kavu, maji 0.05.

Kile cha mwisho kinanipa 3.6. Ni almasi?

Densiti_Kwanza

Kazi nzuri, umepima kwa utulivu. Twende moja moja.

Vyeupe ni 2.65, kwatzi. Kama vinawaka na kuzimika kwenye polaroidi, umemaliza.

Vya kijani ni 2.50. Hata ukikosea 0.01 unapata kati ya 2.49 na 2.52, kwatzi na zumaridi hazifiki huko. Ni kioo, bila shaka cha chupa. Tafuta mapovu kwa lenzi kujiridhisha.

Vyeusi ni 4.68, na kwa unga ule na mvuto ule hafifu, ni ilmenaiti.

Vyekundu ni 4.00, na hapa ndipo mtu angekimbilia kusema rubi. Densiti inaruhusu rubi, ila sumaku na polaroidi zinaikataa. Rubi ingewaka na kuzimika, na isingevuta boti. Hizo ni ganeti za aina yenye chuma kingi, ambazo huanzia karibu 3.95 na kwenda juu. Nasema hivi kwa sababu nyingine pia: ganeti inayofuatana na almasi kwenye kimbalaiti ni ya aina nyingine, nyepesi zaidi, karibu 3.7 hadi 3.85, na rangi yake huelekea zambarau. Kwa hiyo ganeti zako hazionyeshi kimbalaiti. Ilmenaiti nayo hutoka kwenye miamba mingi ya kawaida, usijenge hoja juu yake.

Kile kidogo: 3.6 hiyo bado haina maana. Uzito unaweza kuwa 0.17 hadi 0.19, maji 0.04 hadi 0.06. Densiti iko popote kati ya 2.8 na 4.75. Ndani yake kuna turmalini, topazi, almasi, safaya na zikoni. Unahitaji mizani ya 0.001, wanunuzi wa mawe wanazo. Mshipi uliozama sentimita 3 wenyewe husukuma karibu gramu 0.001, kwa mizani hiyo uutoe kwenye hesabu.

Sumaku_na_Miwani

Hata mizani ya 0.001 ikikupa 3.53, almasi na topazi zinalingana hapo karibu kabisa, huwezi kuzitenganisha kwa uzito. Polaroidi ndiyo itakayoamua. Topazi itawaka na kuzimika mara nne ukiigeuza pande tatu. Almasi itabaki giza, labda na mabaka ya kijivu yasiyotulia. Ikiwaka, tafuta upande mmoja bapa unaong'aa kama kioo kilichokatwa, topazi hupasuka hivyo kukata nguzo yake.

Kama imebaki giza, jaribu grisi. Paka grisi ya gari utando mwembamba kwenye kipande cha bati, weka jiwe safi lililolowa pamoja na vijiwe viwili vya kwatzi vilivyolowa, inamisha bati kidogo na umwagie maji taratibu. Kwatzi hupenda maji, itateleza na kwenda. Almasi hukataa maji na kushika grisi. Migodi ya almasi imetumia meza za grisi kwa msingi huu huu. Kasoro yake: almasi iliyokaa muda mrefu mtoni inaweza kuwa na utando wa chumvi juu, ikateleza kama kwatzi. Ikishika ni ushahidi mzuri, ikiteleza si ushahidi wa lolote.

Kalamu ya kupimia almasi kwa joto nayo iwe msaidizi tu. Mosanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, huipita, na betri ikichoka hutoa majibu ya ovyo, hasa kwa jiwe dogo hivi. Mosanaiti ni 3.22 na ina miale miwili, kwa hiyo polaroidi inaikamata. Taa ya urujuanimno ya kukagulia noti usiitegemee: almasi nyingi haziwaki chini yake.

Kigae_Cheupe

Na mkuu, likionekana limepita vipimo vyote hivyo, usilitembeze mitaani wala kumwachia mtu alipime akiwa peke yake. Kuuza madini bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Madini, na vya Misungwi vinaweza kuwa vimetoka ndani ya leseni ya mtu. Nenda ofisi ya Tume ya Madini Mwanza, eleza mahali ulipokiokota, na uliza utaratibu wa soko la madini la hapo hapo mjini. Ukitaka jibu la maabara, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na kuna Kituo cha Jemolojia Arusha. Andika karatasi uende nayo: uzito kwa gramu na kwa karati (gramu 0.18 ni karati 0.9), densiti, jibu la polaroidi kwa pande zote tatu, na picha ya umbo kwa lenzi ikiwa na rula pembeni.

Mchekechaji_Igombe

Nimeelewa wakuu. Polaroidi kwenye mafuta: kimewaka na kuzimika mara nne kwa pande mbili, upande wa tatu kikabaki giza. Na kweli kina uso mmoja bapa unaong'aa.

Sumaku_na_Miwani

Basi almasi imeondoka. Upande uliobaki giza ni ule mwelekeo niliousema. Kwa uso ule bapa topazi ndiyo inayoongoza. Pima kwa mizani ya 0.001: ukipata karibu 3.5 ni topazi, 4.0 ni safaya nyeupe, zaidi ya 4.5 ni zikoni. Kwenye kifuko kifunge peke yake kwenye pamba, maana ule uso bapa ndio upande ambao jiwe hupasukia likigongwa na mengine.